Vikundi vya kadi za mkono vianze na muhuri, mashine ifuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo kwa nje linaonekana dogo, lakini limekwisha kuvigharimu vikundi vya akina mama na vijana fedha ambazo hazikuwa za kuchezea. Hivi karibuni gazeti lako lilichapisha makala kuhusu miradi midogo ya kazi za mikono, na miongoni mwa miradi iliyotajwa ulikuwamo utengenezaji wa kadi za salamu na lebo za zawadi. Nilifurahi kuiona kazi yangu ikipewa aya nzima, maana wengi huihesabu kuwa mchezo wa watoto wa chekechea. Kilichonisumbua ni ushauri uliotolewa humo, kwamba kikundi kinachotaka kuanza kazi hii kinunue kwanza mashine ya kukatia maumbo pamoja na seti ya vibati vyake, kisha mengine yatafuata. Natengeneza kadi hapa Tanga, huu ni mwaka wa tisa, na nasema bila kumumunya maneno kwamba utaratibu huo umewekwa kichwa chini miguu juu.

Kwa faida ya wasomaji wasioifahamu kazi hii, kibati cha kukatia ni kipande chembamba cha chuma chenye ukingo mkali uliofuata umbo fulani, liwe ua, nyota, moyo au duara. Hulazwa juu ya karatasi ngumu, vyote viwili vikabanwa katikati ya mabamba mawili ya plastiki, na mrundikano huo ukapitishwa baina ya rola mbili za mashine inayozungushwa kwa mkono. Hakuna umeme wala wembe unaotembea. Kinachokata ni mgandamizo wa rola peke yake. Asili yake ni ufundi wa viwanda vya viatu, ambako tangu karne ya 19 nyayo za ngozi zimekuwa zikikatwa kwa vyuma vyenye makali vilivyopindwa kufuata umbo la unyayo. Ama muhuri, huo kila Mtanzania anaujua, kwa sababu hakuna barua inayotoka serikali ya mtaa bila kugongwa muhuri. Wa kwetu hauna jina la ofisi, una picha au maneno ya salamu, na wino wake si lazima uwe wa bluu au zambarau.

Sasa nieleze nilichokiona. Kipo kikundi cha akina mama saba ninachokifahamu kwa karibu, ambacho kwa ushauri wa mwezeshaji mmoja kilichukua fedha za hisa za mzunguko wake kikaagiza mashine ya rola na vibati 14. Mzigo ulipofika waliniita nikawaonyeshe namna ya kuutumia. Tulifungua pakiti moja baada ya nyingine mezani, na kadiri tulivyofungua ndivyo nyuso zilivyozidi kubadilika. Vibati sita kati ya 14 vilikuwa vya Krismasi ya nchi za baridi: chembe za theluji za aina tatu, jani lenye miiba la mti usioota huku, kulungu wa kuvuta sleji, na soksi ya kutundikwa kando ya tanuri la moto. Theluji iliyo karibu nasi ni ile ya kilele cha Kilimanjaro, na hata hiyo wengi wetu tumeiona kwenye picha tu. Mwezi mwandamo haukuwamo, wala mnazi, wala dau, wala birika la kahawa. Akina mama wale walikuwa wakilenga soko la Idi lililobakiza wiki tano.

Si hilo tu. Mabamba ya plastiki ni kitu kinachokwisha, jambo ambalo mwezeshaji hakulitaja. Kila makali yanapopita huacha mkwaruzo, bamba hujipinda, na usipolipindua upande wa pili mara kwa mara hujikunja kama kigae na mwishowe hupasuka. Mabamba yao yalipasuka mwezi wa nne. Walitafuta mengine madukani hapa Tanga, wakamtuma mtu Kariakoo, hakuyapata. Ikabidi yaagizwe tena nje, na mashine ikakaa kabatini miezi mitatu ikiwa imefunikwa kitenge. Wakati huo wote marejesho ya hisa yalikuwa yakidaiwa kila Jumamosi. Nayaandika haya nikijua kuwa halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kwamba vikundi vingi vinavyojiandaa kuomba mikopo hiyo huandika andiko la mradi kwa kufuata yale yanayosomwa magazetini. Mkopo usio na riba nao hurejeshwa.

Tofauti na hayo, muhuri wa kwanza unaweza kuchongwa leo jioni. Raba kubwa nyeupe za kufutia, zile za wanafunzi wa michoro, zinatosha kwa picha ndogo. Kwa picha kubwa, soli ya ndala iliyolika upande mmoja bado ina upande mwingine mzima. Unachora picha kwa penseli laini juu ya karatasi nyembamba, unaipindua kifudifudi juu ya raba, kisha unaisugua kwa ukucha mpaka risasi ya penseli ihamie. Picha itaonekana imegeuka, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ukigonga itageuka tena na kusimama sawa. Muhuri wangu wa kwanza wa maneno niliuchora moja kwa moja kwenye raba bila kupitia karatasi, nikachonga “Idi Njema” kwa uangalifu wa nusu siku nzima, na nilipougonga yakatoka maandishi ambayo ungehitaji kioo cha kunyolea ili uyasome.

Siri ya kuchonga iko kwenye mwelekeo wa kisu. Wanaoanza huchimba wima, au vibaya zaidi, kisu huingia chini ya mstari wa picha kama panya anayechimba chini ya ukuta. Mstari huo hubaki bila msingi na hukatika baada ya kugongwa mara 20 au 30. Kisu kinatakiwa kilale kikielekea nje, ili kila mstari uliobaki uwe mpana chini na mwembamba juu, mithili ya tuta la viazi. Muhuri uliochongwa hivyo hudumu. Ninao wa jahazi ambao nimeugonga tangu mwaka wangu wa pili wa kazi, na kilichobadilika ni kwamba kamba ya tanga imenenepa kidogo.

Wino ndio unaowashinda wengi. Pedi ya ofisini imetengenezwa kwa karatasi ya barua, na ukiigonga juu ya manila laini wino hutambaa kufuata nyuzi za karatasi hadi picha inakuwa na manyoya. Wino wa maji wa kadi hukauka upesi lakini hupauka kadi ikikaa juani. Ule mzito wenye chembe za rangi haupauki haraka, ila hukawia kukauka, na juu ya karatasi ya kung’aa unaweza kuufuta kwa kidole hata kesho yake. Huku pwani, msimu wa masika, ninauacha usiku kucha na bado nauogopa asubuhi. Kwa hiyo mtu anunue pedi moja nyeusi na moja ya rangi anayoipenda, azijaribu kwenye karatasi atakayoitumia hasa, wala asinunue rangi 12 kwa sababu zimepangwa vizuri kwenye kijaluba. Muhuri uguswe kwenye pedi kwa kudonoa, usisuguliwe; chini ya kadi pawekwe gazeti lililokunjwa ili paweze kunesa kidogo; na mkono ushuke wima, ukandamize bila kuyumba, uinuke wima. Kitambaa chenye maji kinatosha kuusafisha. Wanaotumia petroli wanaila raba yao wenyewe.

Kuhusu karatasi nitasema mambo mawili tu. Karatasi ya A4 ikikatwa katikati inatoa vipande viwili vya milimita 148 kwa 210, na kila kimoja kikikunjwa kinakuwa kadi ya milimita 105 kwa 148, inayoingia bila kusukumwa katika bahasha ya C6. Anayebuni vipimo vyake mwenyewe atalazimika kutengeneza na bahasha zake. La pili ni kwamba karatasi ina upande wa nyuzi kama ulivyo ubao. Ukiipinda bila kuikunja, upande mmoja hukubali na mwingine hukataa. Mkunjo wa kadi upitishwe kule inakokubali, ukichorwa kwanza kwa kalamu iliyokwisha wino ikiongozwa na rula. Kadi iliyokunjwa dhidi ya nyuzi hupasuka rangi mgongoni, na mteja huiona kasoro hiyo kabla hajaona ua.

Nimekuwa nikiulizwa nilijifunzia wapi kupanga picha kwenye kadi. Nilijifunza kwa kuitazama kanga. Kanga ina pindo, mji na jina, na mpangilio huo umekwisha kujaribiwa na macho ya watu wa pwani kwa zaidi ya karne, hivyo sioni sababu ya kuutafuta mwingine. Nina muhuri wa korosho wa milimita 24. Ukiugonga mara nne juu, mara nne chini, na mara nne kila upande baina yake, jumla mara 16, unapata pindo kamili la kadi ya kipimo nilichokitaja, na katikati panabaki mji wa kutosha jahazi, mnazi au mwezi. Jina hukaa chini ya mji, katika mstari mmoja: Wema hauozi, au Idi Mubarak, au Hongera Mwalimu. Muhuri mmoja mdogo umezaa kadi nzima, na ukigeuza korosho zitazame ndani badala ya nje unapata kadi nyingine. Kibati hakina uhuru huo, kwa kuwa umbo lake ni lilelile Tanga, London na Chicago, na anayeuza kadi kwa umbo la kununuliwa anashindana kwa bei na kila mwenye kibati kama chake.

Nijibu na hoja ya wanaosema kwamba kadi zimekufa kwa sababu ya simu. Za mwaliko wa harusi kweli zinakwenda. Kamati nyingi sasa hutuma kadi ya WhatsApp yenye alama ya kusomwa mlangoni, na kwa watu 400 sina ubishi nao. Lakini tukumbuke kwamba kadi ya Krismasi yenyewe ilizaliwa kwa haraka zilezile. Mwaka 1843 huko London, Henry Cole alikuwa na barua nyingi za Krismasi kuliko muda wa kuzijibu, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree salamu moja itakayochapwa, naye apate njia ya mkato. Hata hivyo kadi hizo, baada ya kuchapwa, zilipakwa rangi kwa mkono moja baada ya nyingine. Kazi ninayoiona ikibaki ni ile ambayo simu haiwezi kuifanya: kadi ya shukrani kwa mwalimu wa darasa, ya mahafali, ya mtoto kwa bibi yake, na hasa lebo ya zawadi, kwa sababu zawadi haijaweza kutumwa kwa simu ikafika imefungwa.

Lebo ndiyo iliyonilipia ada za watoto, nami nashangaa makala yenu iliipitia kwa nusu sentensi. A4 moja ya manila nzito inatoa lebo 12 za sentimita 5 kwa 9. Pembe mbili za juu hupunguzwa kwa mkasi, picha hugongwa kabla ya kukata ili ikiharibika upoteze wino tu, na tundu hutobolewa kwa mashine ya kawaida ya kutobolea makaratasi ya faili. Uzi wangu ni wa katani, kwa sababu niko Tanga na sitaagiza riboni ng’ambo wakati mkonge uko nyuma ya nyumba. (Mmea huo nao ni mgeni aliyeshika uenyeji: ulifikishwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ilifika hai 62 tu.) Katani ina ukakasi ambao hukata tundu la karatasi moja, kwa hiyo gundisha kiduara cha manila kila upande wa tundu kabla ya kupitisha uzi. Viduara hivyo natengeneza kwa vipande vilivyobaki. Wenye maduka ya nguo na ya asali wananunua lebo hizi kwa mamia, tena kila mwezi, bila kusubiri Idi wala Krismasi.

Nisije nikaonekana kwamba naichukia mashine. Dirisha la duara kwenye uso wa kadi, ambalo kupitia kwake unaona picha iliyogongwa ndani, likikatwa kwa mkasi linatia aibu, ilhali likikatwa kwa kibati linakuwa safi mara zote 50, na kile kiduara kinachodondoka kinakuwa lebo. Pindo lenye vitundu kama kitambaa cha kusokotwa haliwezekani kwa mkono wa kawaida. Kibati kisipokata sehemu fulani, ongeza karatasi moja au mbili chini ya bamba mahali hapo. Karatasi ikinasa ndani ya makali, weka kipande cha karatasi ya kuokea keki katikati, nayo itaachia. Haya ni mambo ya kujifunza kwa wiki moja. Lakini ikumbukwe kuwa mashine ya mkono hukata vibati vinavyoenea kwenye bamba tu kila inapozungushwa, na kwa lebo ya pembe nne mkasi hauachwi nyuma. Oda ikiwa kubwa mno, wachapaji wengi wana mashine za kukatia zinazotumia ubao uliopachikwa vyuma vya makali, nao hukata umbo lako kwa malipo, ukabaki na kazi ya kugonga mihuri.

Hivyo ninachokiomba kwa wawezeshaji, na kwako Mhariri kama utaona inafaa kukirudia pale mlipochapisha ule ushauri, ni mpangilio tofauti. Kikundi kianze na visu viwili vidogo vya kuchongea, raba kumi, pedi mbili, rula ya chuma, na manila ya kutosha kuharibu, maana itaharibika. Kichonge picha za mahali kilipo. Kiuze kwa miezi sita na kuandika katika daftari umbo gani wateja wanalirudia. Umbo likijirudia hadi mkasi ukawa ndio unaochelewesha kazi, hapo kinunuliwe kibati cha umbo hilo, pamoja na mabamba ya akiba siku hiyohiyo, na ikiwezekana vikundi vitatu au vinne vya kata moja vishirikiane mashine moja. Vibati vya kwanza viwe duara, mstatili na lebo, kwa ukubwa unaopandana; maumbo hayo hayana dini wala msimu.

Nyongeza moja kuhusu picha. Mihuri ya dukani ina wenyewe waliobuni picha zake. Baadhi ya kampuni huruhusu uuze kadi ulizozigonga kwa mkono kwa kutumia mihuri yao, lakini hukataza kuipiga picha hiyo kopi au kuichapa kwa mashine, na masharti hayo yasomwe kabla ya kununua. Mchoro ulioubuni mwenyewe ni wako chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Nimewahi kukuta jahazi langu, na ile kamba yake iliyonenepa, limechapwa kwenye mifuko ya duka moja la mjini, na mwenye duka aliniambia kwa adabu kubwa kwamba alidhani picha ya jahazi ni ya kila mtu.

Akina mama wale saba sasa ni watano. Mabamba mapya yalifika, mashine inafanya kazi kila Alhamisi, na mihuri tuliichonga pamoja barazani kwangu katika ile miezi mitatu ya kusubiri. Vibati vya theluji walitaka kuvitupa, mpaka mmoja wao alipokata chembe moja kwa manila ya kijani, akaigawa nusu kwa mkasi, akaigundisha juu ya shina la mnazi lililogongwa kwa muhuri. Mikono mitatu ya theluji imekaa pale kama makuti, na kadi hiyo ndiyo iliyoisha kwanza Idi iliyopita.

Wako,
Mtengeneza kadi,
Ngamiani, Tanga